Gari Lenu Linakunywa Nini?

Baridi ya Ufipa inanikumbusha kila asubuhi kwamba shuka moja halitoshi.

Mwezi huu nilipanga kuzungumzia zawadi za harusi, lakini imebidi niziweke kiporo. Kisa ni jambo nililoliona wiki mbili zilizopita kwenye sheli moja hapa Katandala, nikiwa nasubiri zamu yangu ya kuweka mafuta. Mbele yangu walikuwepo vijana wawili, mtu na mwenzake, ndani ya gari dogo jeusi linalong'aa, hata nailoni za viti hazijatolewa. Kaka akashusha kioo na kumuuliza mhudumu, "Hamna ile petroli yenye namba kubwa? Hii ni mashine bwana, sitaki kuinywesha uji."

Mhudumu akacheka. "Kaka, hapa petroli ni hiyohiyo moja. Nikuwekee ya shilingi ngapi?"

Dada akadakia kutoka upande wa pili, "Weka ya elfu kumi tu, tutaongeza mbele ya safari."

Basi hapo ikaanza. Kaka anasema mwenzake hajui magari, dada anasema kaka anapenda sifa. Nyuma yangu watu walikuwa wanacheka, nami nilianza kutabasamu, halafu tabasamu likanikauka mdomoni. Mabishano yale nayajua. Mimi na baba Junior tuliyafanya mwaka mzima, na yakatufikisha katikati ya mlima, usiku, mtoto akiwa na homa mapajani mwangu.

Ngoja nikusimulie, maana wengi wenu mmenunua gari la kwanza mkiwa wawili, kwa mkopo au kwa kujinyima, na swali la kunywesha nini ndani ya tenki linawahusu kuliko mnavyodhani.

GARI LA DAR LAFIKA UFIPA

Tulinunua Toyota IST, cc 1,300, tukiwa bado tunaishi Dar es Salaam. Mkopo wa miaka mitatu, nusu wangu na nusu wake. Dar gari lilikuwa tamu, ukigusa tu linaruka. Kisha mwenzangu akahamishiwa Sumbawanga kikazi. Tukapakia vyombo kwenye lori, sisi tukaja na gari letu kupitia Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma, zaidi ya kilomita 1,000 hadi tukapanga nyumba hapa Katandala.

Wiki ya kwanza tu nikaona gari limebadilika. Kuanza kuondoka linajivuta, kupita lori ni mpaka uombe dua. Nikampigia rafiki yangu wa Dar. Kwanza akanitania, si unajua jina la mji wetu watu hulitafsiri "tupa uchawi", akasema wenyeji wamelitupia kitu. Nikamjibu wenyeji wana kazi zao za kulima mahindi. Halafu akawa makini: "Shoga, hiyo ni petroli ya mikoani, oktani yake ndogo. Tafuta dawa ya kuongeza oktani, utaniambia."

Nikaagiza chupa Kariakoo, ikaja kwa basi. Elfu thelathini. Nikaimimina kwenye tenki kwa heshima zote, nikaenda kuzunguka Mazwi na Majengo, nikajiaminisha kwamba gari limepata nguvu. Mwezi uliofuata nikaagiza nyingine, na nyingine.

Baba Junior akaanza kunung'unika. "Mama Junior, hela hiyo si lita kadhaa za petroli?" Nikamwambia wewe gari hulipendi, wewe unapenda liendeshwe tu. Akanuna. Na kwa kuwa mimi nilikuwa natumia kwenye chupa, yeye akaamua kubana kwenye pampu. Mimi nikiweka dawa, yeye anaweka ya elfu kumi. Kila mmoja alikuwa anamfundisha mwenzake adabu, na gari ndilo lililokuwa linachapwa.

USIKU WA LYAMBA LYA MFIPA

Juni mwaka juzi, siku ya Ijumaa, simu ikaita. Shangazi yake baba Junior amefariki Muze, kule bondeni upande wa Ziwa Rukwa. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka kumimina chupa yangu. Kwenye tenki kulikuwa na robo. Nikamwambia tupite sheli tujaze. Akanijibu, "Umeshaweka dawa yako ya elfu thelathini, basi itatupeleka." Nami kwa hasira nikanyamaza. Tukaondoka na robo tenki, mimi, yeye, Junior wa miaka miwili na mama mkwe.

Kama hujafika huku, nikueleze kidogo. Sumbawanga iko juu, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi. Katikati ndipo ulipo ukingo wa Bonde la Ufa unaoitwa Lyamba lya Mfipa. Unatoka nyumbani umevaa koti, ukifika chini unatafuta kivuli.

Msibani gari halikupumzika. Kufuata wazee, kufuata turubai, kupeleka watu. Hatukuwa na la kusema, huo ndio msiba. Jumapili jioni Junior akaanza kuchemka. Mama mkwe akamgusa paji la uso, akasema neno moja tu: "Ondokeni." Taa ya mafuta ilikuwa imeshawaka tangu mchana.

Hapo jirani mafuta yalikuwa ya dumu, yanapimwa kwenye chupa za maji. Tukanunua lita kumi kwa bei ya kuruka. Wakati anamimina nikasikia harufu ya jiko la mchina. Nikamwangalia mume wangu, naye akaniangalia. Hakuna aliyesema kitu. Mtoto alikuwa analia.

Ndani ya gari tulikuwa watu wazima watano, mtoto na gunia la mchele tuliopewa. Mlima ulipoanza kukaza, injini ikaanza kugonga. Mlio wake ni kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo. Baba Junior akazidi kukanyaga, mlio ukazidi, nguvu ikapungua. Mimi nikasema maneno ambayo leo nayaonea aibu, kwamba ubahili wake utatuulia mtoto. Yeye akasema chupa zangu ndizo zilizokula hela ya mafuta. Mama mkwe nyuma akasema, "Wanangu, nyamazeni kwanza, gari lisimame."

Likasimama. Tukashusha gunia, tukashusha ndugu wawili. Mungu si Athumani, likatokea lori la mahindi likipanda taratibu. Dereva akanipakia mimi na Junior kwenye kabini. Tulifika hospitali mjini saa nne usiku. Ilikuwa malaria. Alitibiwa, na siku ya tatu alikuwa anakimbiza kuku wa jirani. Baba Junior na mama yake walifika na gari saa saba usiku, wakitembea na kusimama, kutembea na kusimama. Alipoingia wodini alikaa sakafuni pembeni ya kitanda, akashika mguu wa mtoto, hakusema neno mpaka asubuhi.

HEWA NAYO NI CHAKULA

Jumanne tukapeleka gari kwa fundi wetu hapahapa Katandala, mzee aliyeanza kazi hii enzi za Land Rover za serikali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mmeninywesha nini huyu?"

Akatoa mafuta kidogo kwenye kikopo. Akadondosha tone kwenye karatasi nyeupe, pembeni akadondosha tone la petroli yake anayoiamini. Petroli safi ilikauka na kupotea. Tone letu likaacha doa la mafuta ambalo halikuondoka. "Mafuta ya taa yamo humu," akasema. "Labda muuzaji alitafuta faida, labda dumu moja limebeba vyote viwili. Injini haiulizi nia." Akatoa plagi, akazitazama, akatikisa kichwa. "Mmebahatika. Mngeendelea kukanyaga hivyo, pistoni ingetoboka." Tulilipia plagi mpya, oili mpya na kusafishwa kwa tenki na nozeli.

Nami nikaona hapo ndipo pa kujitetea. Nikatoa chupa yangu, nikamwambia mimi nilikuwa nazuia hayo yote. Mzee akaivaa miwani, akaigeuza, akacheka mpaka akakohoa.

"Mama Junior, gari linakula vyakula viwili, mafuta na hewa. Hapa kwetu juu sahani ya hewa haijai. Ndiyo maana linajivuta. Chupa hii inazuia ugonjwa ambao gari lako halina."

Nilirudi nyumbani na swali hilo, nikasoma, nikauliza wanaojua. Nilichokipata ndicho ninachotaka ukichukue leo.

Ndani ya silinda, petroli na hewa vinachanganywa, pistoni inavikandamiza, kisha plagi inatoa cheche na moto unasambaa kwa mpangilio. Gesi ikikandamizwa hupata joto. Kama mafuta ni mepesi kushika moto kwa joto hilo, sehemu ya mchanganyiko hujilipukia yenyewe kabla moto wa plagi haujaifikia. Mlipuko huo ndio unaosikia kama misumari kwenye kopo. Namba ya oktani inapima kitu kimoja tu: petroli inavumilia kukandamizwa kiasi gani bila kujilipukia. Kipimo hiki kilibuniwa mwaka 1926 na mkemia wa Marekani, Graham Edgar. Alichukua kimiminika kimoja kinachovumilia sana, isooktani, akakipa 100, na kingine kisichovumilia, heptani, akakipa 0. Petroli zote zinapimwa kwa kulinganishwa na hivyo viwili.

Umeona? Namba kubwa si nguvu kubwa. Ni uvumilivu mkubwa. Injini iliyotengenezwa kwa mkandamizo mkali, au yenye turbo, inahitaji uvumilivu huo. Injini ya kawaida ukiinywesha namba kubwa kuliko inayoitaka, haiumwi, lakini pia haiongezi kitu. Umenunua koti la pili wakati wa kwanza hajasikia baridi.

Sasa hewa. Kwenye kimo cha Sumbawanga, msukumo wa hewa ni kama asilimia 80 hivi ya ule wa Dar es Salaam. Injini isiyo na turbo inavuta hewa pungufu kila inapopumua, hivyo nguvu inapungua, na hakuna chupa inayoweza kuirudisha hewa hiyo. Lakini kuna neema yake: hewa ikiwa pungufu, mkandamizo nao ni mdogo, na gari halina haraka ya kugonga. Kwa maana hiyo gari letu hapa Katandala lilihitaji oktani ndogo kuliko lilivyohitaji Dar! Marekani wanalijua hili siku nyingi, ndiyo maana kwenye majimbo ya milimani kama Colorado utakuta pampu za 85 wakati sehemu nyingine petroli ya kawaida ni 87. Na usishtuke ndugu yako wa Marekani akikwambia anaweka 87, wao wanatumia kipimo chao. Hiyo 87 yao ni kama 91 au 92 kwa kipimo cha RON kinachotumika Japani, Ulaya na huku kwetu.

Hesabu hii inageuka ukiteremka. Bondeni hewa ni nzito na joto ni kali. Ukibeba watu na gunia, ukaanza kupanda mlima kwa mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa, ambayo oktani yake iko chini kabisa, umekusanya kila kitu kinachofanya injini igonge. Ndicho tulichofanya sisi. Nyumbani palipo baridi na hewa nyepesi nililipia uvumilivu ambao gari halikuuhitaji. Bondeni lilipouhitaji, hatukuwa nao.

JIBU LILIKUWA KWENYE KIFUNIKO

Kabla hatujaondoka gereji siku ile, mzee alifungua mlango mdogo wa tenki. Ndani yake kuna stika ya Kijapani. "Mmewahi kuisoma hii?" Tukatazamana. Baba Junior akapiga picha kwa simu, programu ya kutafsiri ikasoma: petroli isiyo na risasi, ya kawaida.

Mwaka mzima tumegombana juu ya swali ambalo jibu lake lilikuwa limebandikwa pale, na mlango huo tulikuwa tunaufungua kila wiki.

Kwa hiyo na wewe anzia hapo. Magari mengi tunayoendesha yametoka Japani, na Japani wanauza petroli za aina mbili: ya kawaida, ambayo kwa viwango vyao haipungui oktani 89, na ile wanayoiita hai-oku, isiyopungua 96. Pampu ya kawaida ni nyekundu, ya hai-oku ni ya njano. IST, Vitz, Passo na ndugu zao wanakunywa ya kawaida. Subaru zenye turbo kama Impreza WRX na Forester XT zinataka hai-oku, na milima ya Ufipa haiwasamehe sana hao, maana turbo inajikandamizia hewa yenyewe.

Haya, nikupe mambo machache ya kukata na kuweka kwenye droo ya gari.

Kwanza, soma stika kwenye mlango wa tenki au kitabu cha gari. Kama ni Kijapani, simu yako itakusomea. Mkiwa wawili, someni wote wawili.

Pili, kwenye sheli nyingi za Tanzania utakuta petroli aina moja. Kama kampuni inauza nyingine yenye jina la pekee na bei ya juu, muulize mhudumu: oktani ni kubwa zaidi, au imeongezewa dawa ya kusafisha nozeli? Hivyo ni vitu viwili tofauti. Wenzetu Kenya zamani walikuwa na "regular" na "super", na mpaka leo petroli yao inatangazwa kwa jina la super hata kama regular imeshakufa. Jina la kwenye pampu lisikutishe, namba ndiyo inayosema.

Tatu, kama gari lako linataka ya kawaida, okoa hela yako. Kama linataka hai-oku, usijidanganye na ya bei rahisi. Magari ya siku hizi yana kompyuta inayosikia injini ikitaka kugonga na kurudisha nyuma muda wa cheche, kwa hiyo huenda usisikie mlio. Utasikia tu gari limekosa nguvu na mafuta yanakwisha haraka. Ukilibebesha mzigo juani, hata kompyuta ina mwisho wake.

Nne, ogopa mchanganyiko kuliko namba. Unakumbuka miaka ile neno "kuchakachua" lilipotoka kwenye mafuta likaingia mpaka kwenye siasa za uchaguzi wa 2010? Mafuta ya taa yalikuwa na ushuru mdogo, wajanja wakayachanganya na petroli na dizeli. Mwaka huo EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwanasa, na bajeti ya 2011/12 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400 na ushei kwa lita, ili faida ya mchezo huo ife. Umepungua sana, lakini dumu la barabarani halina kinasaba wala risiti. Weka mafuta kwenye sheli, dai risiti na uitunze. Bila risiti hata ukienda kulalamika huna pa kushika.

Tano, ukibanwa kama sisi, na kubanwa kupo, nunua kidogo tu, kiasi cha kukufikisha kwenye sheli. Punguza mzigo. Zima kiyoyozi. Mlimani tumia gia ndogo na ukanyage taratibu, usiilazimishe injini kuvuta ikiwa kwenye mzunguko mdogo. Ukisikia inagonga, achia mguu. Ukifika kwenye sheli, jaza petroli nzuri ili iizidi ile mbaya, kisha muone fundi.

Sita, achaneni na ushauri wa zamani wa "weka super valvu zisife". Huo ulikuwa wa enzi za petroli yenye risasi. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba risasi ikichanganywa na petroli inazuia injini kugonga. Dunia ikaimba kwa furaha, kumbe moshi wake ulikuwa unaharibu akili za watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana nayo kufikia mwanzoni mwa 2006, na nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari ya kawaida, Algeria, iliacha mwaka 2021. Zipo namba ambazo watu walizipata kwa gharama iliyolipwa na watoto.

Saba, bei. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa kila mji. Sisi wa Sumbawanga tunalipa zaidi ya mtu wa Dar kwa sababu mafuta yanasafiri mbali kutoka bandarini. Jueni bei ya mji wenu, pigeni hesabu ya mwezi pamoja, na mjaze kabla ya safari ya bondeni, siyo baada.

NENO LA MWISHO

Nakumbuka usiku mmoja baada ya Junior kutoka hospitali. Tulikuwa tumekaa jikoni, tumewasha jiko la mkaa kwa ajili ya baridi. Baba Junior akasema, "Niliona umeisikia ile harufu." Nikamwambia, "Na mimi niliona umeona." Tulijua wote wawili, tukanyamaza kwa sababu kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake akosee ili ashinde ubishi wa mwaka mzima. Mtoto wetu angeweza kuwa gharama ya ushindi huo.

Sikuwa naweka zile chupa kwa ajili ya gari. Nilikuwa nimehamishwa mji nisioujua, kazi yangu iko Dar, marafiki wako Dar, na lile gari ndilo kipande cha Dar nilichobaki nacho. Lilipoanza kujivuta niliona kama na mimi nimeanza kujivuta. Sikumwambia. Naye hakuniambia kwamba alikuwa anabana mafuta kwa sababu makato ya mkopo yalikuwa yanamkosesha usingizi. Tulichoweza kuzungumza ni petroli tu.

Siku hizi kwenye droo ya gari hakuna chupa. Kuna daftari dogo, la tarehe, lita na risiti. Anayejaza anaandika. Jumapili jioni tunalisoma pamoja, dakika tano, na mara nyingi zile dakika tano zinaishia kwenye mambo mengine ambayo hayahusu gari kabisa.

Wale vijana wa sheli? Sikuvumilia. Nilishuka nikawafuata, nikajitambulisha, nikamwomba kaka afungue mlango wa tenki. Stika ilikuwepo. Ilisema ya kawaida. Dada akacheka, na kaka naye akacheka kwa aibu, akamwambia mhudumu, "Haya, jaza tenki." Nikawaacha wanapanga safari ya Kasanga kula migebuka.

Na wewe msomaji wangu, leo jioni kabla hamjabishana, tokeni nje wote wawili mfungue kile kimlango. Mwaka jana tulimaliza mkopo. Gari letu bado linajivuta kwenye kilima cha kwenda nyumbani, na sasa najua sababu, basi nalisubiri.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda, na zile zawadi za harusi nilizowaahidi.